Mvua ya Kwenye Skrini na Mvua ya Kwenye Chupa

Swali: Ninafundisha jiografia sekondari. Ningependa wanafunzi wangu wajifunze hali ya hewa na tabianchi ya maeneo mbalimbali kwa kutumia intaneti, badala ya kukariri ramani za kitabuni. Tatizo ni kwamba tovuti ni nyingi na namba zake hazikubaliani. Isitoshe, ikitokea wiki moja ya baridi wananiambia kwamba habari za dunia kupata joto ni uongo. Nianzie wapi? Na nifanyeje kompyuta ikiwa moja na mtandao unakatikakatika?

Jibu: Mwalimu, hilo la namba kutokubaliana umelitaja kama kero. Nakuomba ulifanye kuwa somo lenyewe. Katika miaka yote niliyofundisha mada hii, kipindi kilichonifurahisha kuliko vyote ni kile ambacho mwanafunzi mmoja aliinua mkono akasema, "Mwalimu, tovuti inasema jana ilinyesha milimita 6, lakini chupa yetu ina 38. Nani mwongo?" Hakukuwa na mwongo. Ila ili aelewe kwa nini, ilibidi ajue namba ya kwenye skrini imepatikanaje, na hapo ndipo alipoanza kujifunza kweli.

Kwa hiyo anzia nje ya darasa, kabla hujafungua tovuti yoyote. Tafuta chupa ya plastiki yenye kuta zilizonyooka, kata sehemu ya juu, kisha igeuze na kuipachika mdomo chini kama faneli. Vitako vya chupa nyingi vina mabonde, na hapo ndipo vipimo vya wengi huharibika: mimina maji kwanza mpaka yafike pale ukuta unaponyooka, chora mstari, na huo ndio uwe sifuri yako. Bandika rula kuanzia hapo. Chupa ikae mahali pa wazi, mbali na miti na kuta, isomwe kila siku saa ileile, tuseme saa 3 asubuhi, kisha irudishwe kwenye sifuri. Kama ni kiangazi, tumia kipimajoto badala yake, kikae kivulini, penye upepo, kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini, kwa sababu huo ndio urefu unaotumika kwenye vituo vya hali ya hewa.

Waeleze pia milimita ni nini hasa, maana wengi huitamka bila kuiona. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la darasa lenye mita 60 za mraba, likinyeshewa milimita 38, limepokea lita 2,280. Waache wapige hesabu hiyo wenyewe, halafu wafikirie wangebeba ndoo ngapi. Baada ya hapo hawatalisoma neno "milimita" kwenye skrini wakalipita tu.

Wiki mbili za vipimo zinatosha. Sasa ingieni mtandaoni.

Kwa darasa lako ningechagua sehemu tatu tu, nyingine zisubiri. Ya kwanza ni tovuti ya mamlaka ya hali ya hewa ya nchi husika. Hao ndio wenye vituo vya kupimia, na tahadhari yao ndiyo rasmi. Ukitaka miji ya nchi nyingine, Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) lina tovuti inayokusanya utabiri na wastani wa miji mingi kutoka kwa mamlaka za nchi zenyewe. Kurasa zake ni nyepesi na hazina matangazo. Ya pili ni NASA POWER, ya kupata data za miaka mingi. Ya tatu ni NASA Worldview, ya picha za setilaiti, ambako mwanafunzi anaweza kuchagua tarehe yoyote kuanzia mwaka 2000 akaona mawingu, vumbi au moshi wa siku hiyo. Zote hazilipiwi.

Nikae kidogo kwenye NASA POWER, kwa sababu ndiyo yenye faida kubwa na ndiyo yenye mitego. Unagusa sehemu yoyote kwenye ramani ya dunia, unachagua data za kila mwezi kuanzia 1981, unachagua vipimo viwili, T2M ambayo ni halijoto ya mita 2 kutoka ardhini na PRECTOTCORR ambayo ni mvua, kisha unapakua faili la CSV. Faili hilo ni dogo kuliko picha moja ya simu. Ukilifungua kwenye programu ya majedwali utakuta mistari kadhaa ya maelezo juu, kisha safu za miezi kuanzia JAN hadi DEC, na mwisho safu ya ANN, yaani mwaka mzima.

Wanafunzi huruka mistari ile ya juu. Usiwaruhusu. Mmoja wa mistari hiyo unataja mwinuko wa mahali, na unasema wazi kwamba ni mwinuko wa wastani wa eneo zima la nusu digrii kwa karibu theluthi mbili ya digrii. Kwenye ikweta, hicho ni kisanduku chenye upana wa zaidi ya kilomita 50 kila upande. Kama shule iko mlimani na bonde liko ndani ya kisanduku hichohicho, halijoto utakayopewa ni mchanganyiko wa mlima na bonde, na haitalingana na kipimajoto chako. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 hivi kwa kila kilomita moja unayopanda, kwa hiyo tofauti ya mita mia chache tu inaonekana.

Mtego wa pili ni vizio. Mvua ya kila mwezi kwenye faili hilo huandikwa kwa wastani wa milimita kwa siku. Mwanafunzi anaona 4.2 kwenye mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote, anaandika kwamba mwezi mzima ulipata milimita 4.2, na hapohapo ametangaza jangwa. Azidishe kwa siku 30 apate 126. Mtego wa tatu ni namba -999. Hiyo ni alama tu ya kwamba data haipo, lakini kompyuta haijui hivyo. Miezi kumi na mmoja yenye wastani wa nyuzi 25, ukiongeza mwezi mmoja wa -999, inakupa wastani wa mwaka wa nyuzi 60 chini ya sifuri. Ningekushauri usiwaonye mapema kuhusu hili la mwisho. Waache wapate jibu hilo la ajabu, kisha waulize kama mahali hapo panawezekana duniani. Kipimo cha chini kabisa kinachotambuliwa na WMO, nyuzi 89.2 chini ya sifuri, kilisomwa kituo cha Vostok huko Antaktika tarehe 21 Julai 1983, basi wataona wenyewe wamejisogeza kuelekea wapi.

Turudi kwa yule mwanafunzi wa milimita 38. Chupa ilipima duara dogo la ardhi, tovuti ikatoa wastani wa kisanduku kizima. Mvua za radi ni nyembamba: huweza kukulowesha wewe huku jirani wa kilomita tano anaanika nguo. Tena sehemu kubwa ya namba za mvua mtandaoni hazikutoka kwenye kipimamvua hata kimoja. Setilaiti huangalia ubaridi wa vilele vya mawingu, au modeli ya kompyuta hupiga hesabu ya unyevu na upepo, kisha mvua hukadiriwa kutokana na hapo. Seti ya data iitwayo CHIRPS, iliyoanza 1981, huchanganya makadirio ya setilaiti na vipimo vya vituo vya ardhini, na visanduku vyake ni vya kilomita 5 hivi, kwa hiyo kwa mvua za nchi za joto mara nyingi hukaribia ukweli zaidi. Na kuna suala la saa. "Siku" ya tovuti inaweza kuanza usiku wa manane kwa saa za dunia (UTC, yaani saa za Greenwich), wakati siku ya chupa yenu ilianza saa 3 asubuhi. Mvua moja ya usiku inaweza kuangukia tarehe mbili tofauti. Wakumbushe pia kwamba 06:00 iliyoandikwa pembeni mwa picha ya setilaiti si saa sita, na huenda hata saa 12 asubuhi ya kwao isiwe.

Hata ile halijoto ya "sasa hivi" inayoonyeshwa na programu za simu, mara nyingi ni makadirio ya modeli. Hakuna kipimajoto kilichosomwa mtaani kwako. Na asilimia 70 ya mvua maana yake si kwamba mvua itanyesha asilimia 70 ya siku, wala kwamba itakuwa kubwa. Maana yake ni kwamba katika siku kumi zenye dalili kama za leo, saba hivi zitapata mvua mahali hapo. Waambie waandike utabiri huo kila asubuhi kwa mwezi mmoja kando ya vipimo vya chupa, kisha wahesabu wenyewe.

Sasa wale wanaosema wiki ya baridi imekanusha kila kitu. Hapa Kiswahili kimekusaidia kuliko lugha nyingi, Mwalimu, maana jibu limo ndani ya maneno yenyewe: *hali* ya hewa, *tabia* ya nchi. Mtu mpole anaweza kuamka na hasira leo. Hiyo ni hali yake ya leo, na tabia yake hujaijua mpaka uishi naye. WMO imeweka kwamba kuishi na mahali ni miaka 30, na kipindi kinachotumika sasa ni 1991 hadi 2020. Wape wanafunzi mwezi mmoja tu, tuseme Julai, kwa miaka hiyo yote 30. Watafute wastani, kisha waweke alama kwenye Julai yenye baridi kuliko zote na yenye joto kuliko zote. Wakipata data za kila siku, waangalie wiki yao ya baridi iliangukia wapi. Karibu kila mara itakuwa ndani ya mipaka ile ya zamani.

Kisha waoneshe mistari ya rangi ambayo mwanasayansi Ed Hawkins wa Chuo Kikuu cha Reading aliianzisha mwaka 2018: kila mwaka mstari mmoja, buluu kwa miaka ya baridi, nyekundu kwa ya joto, bila namba hata moja. Ipo ya dunia nzima, na zipo za nchi mojamoja. Watoto wataona buluu zikiwa zimepenyapenya katikati ya nyekundu za mwanzo, na ndivyo inavyokuwa: dunia inapata joto huku mahali fulani pakiwa na wiki ya baridi. Kwa mujibu wa WMO, mwaka 2024 ulikuwa na joto la wastani la takriban nyuzi 1.55 juu ya kipindi cha 1850 hadi 1900. Hiyo ni wastani wa uso wote wa dunia, mchana na usiku, bahari na nchi kavu, na wiki moja ya mji mmoja ni sehemu ndogo mno ya hesabu hiyo. Kwa madarasa ya juu kuna pia atlasi ya mtandaoni ya IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi, iliyotolewa 2021, yenye makadirio ya kila kanda, ila ni nzito kwa wanaoanza.

Ukishafika hapo, fundisha kanda kwa jozi. Ni njia ninayoipenda kuliko zote. Chukua miji miwili ambayo kitu kimoja kinafanana, uulize kwa nini vingine vyote vinatofautiana. London na Winnipeg ni mfano mzuri. Winnipeg, Kanada, iko kusini kidogo ya London kwa latitudo, kwa hiyo mwanafunzi atategemea iwe na joto zaidi. Wastani wa Januari huko London ni kama nyuzi 6 juu ya sifuri, na huko Winnipeg ni kama 16 chini yake. London inapuliziwa na upepo uliopita juu ya bahari yenye uvuguvugu. Winnipeg iko katikati ya bara, na ardhi hupoteza joto haraka kuliko maji.

Jozi iliyo tamu zaidi ni Lima na Salvador. Moja iko Peru, nyingine Brazili, zote ziko pwani, zote latitudo ya 12 na 13 kusini, bara lilelile. Wape wanafunzi faili mbili wachore grafu. Salvador hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Lima haifiki hata 50. Wataanza kwa kusema Lima lazima ni kavu kwa sababu ya joto kali, na hapo waangalie safu ya T2M: Lima ina ubaridi kuliko Salvador. Wafungue Worldview, watafute siku ya Agosti. Pwani ya Peru mara nyingi imefunikwa na mawingu, meupe, yameenea kama shuka juu ya bahari. Mawingu tele, joto kidogo, mvua hakuna. Wape kipindi kizima wabishane.

Maelezo yake ni haya. Kando ya Peru hupita mkondo wa bahari wa Humboldt, wenye maji baridi. Hewa iliyo juu ya maji hayo hupoa na kuwa nzito, na juu yake hukaa hewa yenye joto zaidi, kama kifuniko juu ya sufuria. Mawingu yanajitengeneza chini ya kifuniko lakini hayawezi kupanda, na wingu lisilopanda halina nguvu ya kutoa mvua ya maana. Upande wa mashariki safu ya milima ya Andes imezuia unyevu wa Amazoni. Salvador yenyewe inatazama Atlantiki yenye maji ya uvuguvugu, na upepo unaingiza unyevu moja kwa moja. Mwanafunzi aliyeipigania jozi hii hatasahau kwamba mkondo wa bahari unaweza kuumba jangwa.

Ramani za upepo zinazotembea, kama Windy au ile ya earth.nullschool, zinavutia mno, na ndiyo maana nakushauri uziweke mwisho. Darasa huduwaa kwa uzuri wake na hakuna anayejifunza kitu mpaka uwe na swali la kuuliza. Swali langu huwa hili: nioneshe kaskazi. Chagua tarehe ya katikati ya Januari, tazama magharibi ya Bahari ya Hindi, utauona upepo ukishuka kutoka kaskazini-mashariki. Badilisha iwe Julai, kusi imepanda kutoka kusini, inaikunja kona ya Somalia na kuelekea India. Majina ambayo mabaharia waliyatumia karne kwa karne yako pale kwenye skrini, yanatembea. Kabla ya kusoma rangi zozote, lakini, waambie wasome kipimo cha rangi pembeni. Nyekundu kwenye ramani moja ni nyuzi 40, kwenye nyingine ni 15.

Kuna kisa kimoja ambacho ningekisimulia siku mtakayomaliza kulinganisha vipimo vyenu. Kwa miaka 90 vitabu vya dunia nzima viliandika kwamba joto kubwa kuliko yote lilipimwa El Azizia, Libya, tarehe 13 Septemba 1922: nyuzi 58. Mwaka 2012 wataalamu wa WMO waliifuta rekodi hiyo. Walipochunguza waliona kwamba aliyesoma kipimajoto huenda alikuwa hana uzoefu, kipimajoto chenyewe kilikuwa cha aina iliyo rahisi kusomwa vibaya, kituo kilikuwa juu ya ardhi iliyofanana na lami, na vipimo havikuwiana na vya vituo vya jirani. Rekodi ikarudi Death Valley, Marekani, nyuzi 56.7 za tarehe 10 Julai 1913. Wanafunzi waliowahi kubishana kuhusu rula iliyobandikwa kombo kwenye chupa wanakielewa kisa hiki papo hapo.

Kuhusu mtandao unaokatika: pakua wewe mwenyewe, siku mtandao unapokuwa mzuri. Mafaili ya miji kumi, kwa miezi yote tangu 1991, yanaingia kwenye simu bila shida. Picha za Worldview hifadhi nne au tano tu, za mahali pamoja katika miezi tofauti. Kompyuta moja iwe ya kuonesha, kazi yenyewe ifanyike kwenye karatasi, na kuchora grafu kwa mkono kunafundisha zaidi kuliko kubofya.

Chapisha wastani wa miezi 12 wa kila mji, halijoto na mvua, bila kuandika jina la mji. Kila kundi lipewe karatasi moja. Waseme kwanza ni kaskazini au kusini mwa ikweta, kwa kutazama kama mwezi wa baridi kuliko yote uko karibu na Januari au karibu na Julai. Kisha kama ni pwani au bara, kwa kutazama tofauti kati ya mwezi wa joto na wa baridi. Kisha kama mvua ina msimu mmoja, miwili, au haina msimu. Kama mwezi wenye baridi zaidi haushuki chini ya nyuzi 18 na mvua haikosekani, wako kwenye kundi A, yaani tabianchi ya nchi za joto, katika mpangilio wa tabianchi za dunia ambao mwanasayansi Wladimir Köppen aliutangaza mara ya kwanza 1884, na hapo mnaweza kuingia kwenye makundi yake mkiwa tayari mna sababu ya kuyahitaji. Mwishoni waweke kidole kwenye ramani ya dunia. Lima utaipa kundi lenye wanafunzi wabishi zaidi, na usiwape jibu siku hiyohiyo.